Waranti ya maisha, lakini maisha ya nani?

Kwa miaka mingi fundi wa Marekani aliyepasua soketi (kikombe cha kufungulia nati) ya Craftsman, jina la vifaa vya mkono vya maduka ya Sears, alikuwa na safari moja tu: kuipeleka duka la Sears lililo karibu. Hakuulizwa risiti wala tarehe ya kununua, na kwa kawaida hakuna aliyetaka kujua kama aliipasua kwa kuchomeka bomba refu kwenye mpini wa racheti, kifaa cha meno kinachozungusha soketi, ili apate nguvu zaidi. Aliweka kipande kwenye kaunta, akachukua kipya, akarudi kazini. Waranti yenyewe ilitosha kuandikwa kwa sentensi moja: kifaa cha mkono kisipokuridhisha, kirudishe, kitabadilishwa au kutengenezwa bure.

Leo jina la Craftsman lipo na maneno ya waranti ya maisha bado yanachapwa kwenye pakiti. Hata hivyo malalamiko ya mafundi hayaishi: racheti inaruka meno, kromi inabanduka, na ukidai unaambiwa utume picha. Kosa si la mtu mmoja mroho aliyekaa ofisini. Mnunuzi alidhani ananunua kitu kimoja, kumbe ni vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: jina, kiwanda na kaunta. Vilipoachana, maneno ya ahadi yalibaki vilevile ila uzito wake ukapungua.

Jina, kiwanda, kaunta

Sears hawakuwa wafua chuma. Jina Craftsman walilinunua mwaka 1927, na vifaa wakawaagizia watu wengine. Spana na soketi nyingi zilitoka Moore Drop Forging ya Springfield, Massachusetts, kampuni ambayo baadaye iliitwa Easco na mwishowe ikamezwa na Danaher. Ndiyo maana soketi za zamani zina herufi ndogo ya V, alama ya Moore, ambayo wakusanyaji wanaitafuta kwa kioo cha kukuzia. Bisibisi na plaizi zilitoka zaidi Western Forge ya Colorado Springs. Sears walikuwa na nguvu ya oda: aliyepokea vipande vilivyovunjika kaunta ndiye aliyeandika oda ya mwaka unaofuata. Soketi ya inchi 1/2 ikianza kurudi kwa wingi, habari ilikuwa na njia fupi ya kufika kiwandani, na ilifika ikiwa na tishio la kupoteza mteja mkubwa.

Sasa fuata nyuzi zilivyokatika. Mwaka 2005 Kmart na Sears waliungana, na maduka yakaanza kunyimwa fedha. Mwaka 2010 Danaher na Cooper Industries waliunganisha biashara zao za vifaa kuwa Apex Tool Group, ambayo mwaka 2013 iliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Bain Capital. Miaka hiyohiyo sehemu kubwa ya spana na soketi za Craftsman ilihamia Asia. Mwaka 2017 jina lilinunuliwa na Stanley Black & Decker kwa takriban dola milioni 900 zilizolipwa kwa mafungu, huku Sears wakibaki na haki ya kuendelea kuuza bidhaa zenye jina hilo. Yaani kwa kipindi fulani palikuwa na Craftsman mbili sokoni. Oktoba 2018 Sears wakaomba ulinzi wa kufilisika. Kaunta ikafungwa wakati jina lilikuwa limeshahama.

Stanley walijaribu kurudisha kiwanda nyumbani. Mwaka 2019 walitangaza kujenga kiwanda cha dola milioni 90 huko Fort Worth, Texas, chenye mitambo ya kujiendesha, kitoe spana, soketi na racheti za Craftsman. Mwaka 2023 walitangaza kukifunga. Western Forge nayo ilikuwa imeshafunga mwaka 2020. Na hadithi si ya Craftsman peke yake: koleo za kujifunga za Vise-Grip zilifuliwa DeWitt, mji mdogo wa Nebraska, tangu enzi za mhunzi mhamiaji kutoka Denmark aliyezibuni, hadi mwaka 2008 kiwanda kilipofungwa na kazi kupelekwa China. SK, jina linaloheshimiwa na makanika wa Marekani, lilinunuliwa mwaka 2021 na GreatStar ya Hangzhou, China.

Kwa hiyo ukiona majina kumi rafuni, usidhani umeona kampuni kumi. Stanley, DeWalt, Irwin, Lenox, Proto, Facom, Mac na Craftsman wote wanaingia nyumba moja, ileile iliyonunua Craftsman mwaka 2017. Hilo peke yake si ubaya. Facom na Proto bado ni vifaa vya kazi nzito. Ubaya ni pale jina la juu linapotumiwa kuuza chuma cha ngazi ya chini, na mnunuzi hana namna ya kuona ngazi hiyo kwa macho.

Hesabu iliyo nyuma ya ahadi

Waranti ya maisha haikuwahi kuwa huruma. Ilikuwa hesabu, na ni rahisi kuifanya mezani. Chukua mfano wa kufikirika: soketi inauzwa sh. 10,000 na kuitengeneza ni sh. 2,500. Kati ya 100 zikirudi 2, ahadi imekugharimu sh. 50 kwa kila soketi, bei ndogo kuliko tangazo la redio. Chuma kikishuka na zikirudi 8, gharama inapanda hadi sh. 200. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kupandisha ubora, ambayo inagusa kila soketi unayotengeneza. Ya pili ni kupunguza wanaodai, ambayo inagusa wenye malalamiko tu. Ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza, na haihitaji kubadili hata neno moja kwenye pakiti.

Njia ya kuwapunguza ni kuongeza hatua. Toa kaunta, weka fomu. Taka picha ya namba ya kifaa, kisha picha ya mahali kilipovunjika, kisha risiti. Mwambie mteja alipie posta. Kwa racheti ya bei kubwa, fundi atavumilia. Kwa soketi ya milimita 10, ambayo kwa kawaida hupotea ndani ya injini kabla haijavunjika, hakuna atakayejisumbua.

Njia nyingine ni kubadilisha kwa kitu "kinacholingana". Hata enzi za Sears, mtu aliyeleta racheti iliyokufa mara nyingi alipewa iliyokarabatiwa kutoka kwenye droo, yenye mpini uliochubuka na mkono wa mtu mwingine, si mpya ya kwenye pakiti. Leo mtu anarudisha racheti iliyofuliwa Marekani miaka ya 1980 anapewa mpya ya Asia. Kisheria ahadi imetimizwa. Ndiyo maana wazee wengi wa kazi hii wameacha kudai kabisa. Wananunua vipuri vya ndani na kutengeneza wenyewe.

Halafu soma maneno madogo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inayoitwa Magnuson-Moss inataka waranti iliyoandikwa ya bidhaa za nyumbani ijitaje kama ni kamili au ina mipaka. Zilizo nyingi zina mipaka, na mipaka hiyo hukaa palepale: "maisha" ni ya kifaa, au ni ya mnunuzi wa kwanza, si ya yeyote atakayekishika, kuchakaa kwa kawaida hakuhesabiwi, matumizi yasiyofaa hayahesabiwi. Bisibisi iliyotumika kama patasi haina haki. Vitu vinavyoisha kwa asili yake, kama tupa, visu, misumeno na biti, huwa nje ya ahadi au vina masharti yake. Spana ya toki, inayopima nguvu ya kukazia bolti, nayo ina muda wake mfupi, mara nyingi mwaka mmoja, kwa sababu ni chombo cha kupimia. Kiwango cha ISO 6789 kinataka ihakikiwe upya kila miezi 12 au mizunguko 5,000, kimojawapo kitakachotangulia, na ukiihifadhi bila kuishusha hadi kipimo chake cha chini kabisa springi yake inachoka ikiwa sandukuni.

Kuna mfumo mmoja ambao kaunta yake haijafa: gari la mauzo. Snap-on, iliyoanzishwa mwaka 1920, huuza kupitia mawakala wenye magari yanayopita gereji kwa gereji. Wakala anakujua kwa jina, ana deni lako kwenye daftari, na wiki ijayo atarudi. Kipande kilichovunjika unampa mkononi. Bei yake inauma, na sehemu ya maumivu hayo ni gharama ya hilo gari. Mtu anayesema Snap-on ni ghali kwa chuma tu amesahau kuhesabu dereva.

Chuma kinapopungua, kinapungua wapi?

Wengi hutazama nchi. "Ya China" imekuwa tusi, na mara nyingi tusi lisilo na akili. Taichung, Taiwan, ni mojawapo ya makao makuu ya spana duniani, na kazi nzuri ya huko haina aibu mbele ya Ujerumani. Kiwanda kilekile kinaweza kutoa spana mbili tofauti kwa oda mbili tofauti. Tofauti iko kwenye karatasi ya oda: chuma gani, kichomwe vipi, kikaguliwe mara ngapi.

Spana nyingi hufuliwa kwa chuma chenye kromi na vanadi. Hupashwa moto karibu nyuzi 850 za Selsiasi, huzamishwa kwenye mafuta ili ziwe ngumu, kisha hupashwa tena kwa moto mdogo ili wepesi wa kuvunjika upungue na uvumilivu urudi. Zikiwa tayari, ugumu wake kwenye kipimo cha Rockwell C huwa kati ya 40 na 48 hivi. Ncha ya bisibisi huenda juu zaidi, na tupa hufika zaidi ya 60. Chini ya 40 mdomo wa spana unafunguka kama mdomo wa samaki. Juu ya 48 unapasuka. Kila dakika inayopunguzwa kwenye tanuri la pili ni senti iliyookolewa, na haionekani mpaka bolti igome.

Kromi ya juu ina hadithi yake. Chini yake kuna nikeli, na chini ya nikeli kunatakiwa chuma kilichong'arishwa vizuri. Wakiharakisha usafishaji, ganda linabanduka kwa vipande vyembamba vinavyokata vidole kama wembe. Mbaya zaidi ni usilolipata kwa jicho: tindikali ya kusafishia na umeme wa kupakia huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na chuma hicho huweza kupasuka ghafla baadaye hata chini ya mzigo wa kawaida. Tiba yake inajulikana: kuoka kifaa saa kadhaa kwenye nyuzi 200 hivi mara tu baada ya kupaka. Tanuri hilo nalo hula umeme, kwa hiyo nalo huweza kurukwa.

Kwa hiyo kipande kilichovunjika usikitupe kabla ya kukisoma. Kigeuze juani. Sura ya kijivu iliyofifia, laini kama majivu yaliyoshikana, ni chuma kizuri kilichozidiwa mzigo. Hapo lawama ni ya bomba lako. Chembe kubwa zinazometa kama sukari maana yake kilichomwa kupita kiasi, na hapo una hoja ya waranti. Ukiona sehemu moja ya mvunjiko ina rangi nyeusi au kutu na iliyobaki ni mpya, ufa ulikuwepo siku nyingi. Piga picha ya sura hiyo kabla hujaigusa kwa mafuta. Kwenye dai la kutuma picha ndiyo itakayokusemea.

Afrika Mashariki hakukuwahi kuwa na kaunta

Hapa ndipo habari ya Marekani inapotugusa. Vifaa vyao vinatufikia kwenye makontena ya mitumba na mizigo ya ndugu walio ughaibuni, na jina la kwenye mpini huvuka bahari. Waranti kwa kawaida haivuki. Masharti mengi yanafunga dai kwenye nchi iliyouzwa na kwa mnunuzi wa kwanza. Spana ya Craftsman ya mtumba yenye V inafaa kununuliwa kwa sababu ya chuma chake tu.

Dukani Kariakoo au River Road kuna kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Sheria haiko kimya hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 Tanzania na Sura ya 31 Kenya, inaweka sharti lisiloandikwa kwamba mali iwe na ubora wa kuuzika, na kama ulimweleza muuzaji kazi unayoitakia ukategemea ujuzi wake, iwe inafaa kwa kazi hiyo. Lakini ina mitego miwili. Ukitaja bidhaa kwa jina lake la biashara, kinga ya kufaa kwa kazi inaweza kukuponyoka, kwa sababu ulichagua mwenyewe. Na kama uliikagua, kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuionyesha ni yako. Kwa hiyo sema hivi: "Nataka soketi za kufungulia nati za magurudumu ya Noah kwa mashine ya upepo," kisha mwache muuzaji achague, na mwambie aandike matumizi hayo kwenye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Kenya kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 na ibara ya 46 ya Katiba. Kwa bidhaa za kughushi, Kenya ina mamlaka yake ya kupambana nazo na Tanzania kuna Tume ya Ushindani.

Ukaguzi wa dukani uwe wa vitendo. Maneno "Chrome Vanadium" yaliyochongwa kwenye mpini hayathibitishi chochote. Mashine ya kuchonga haiulizi chuma ni cha aina gani. Nenda na nati mpya na kalipa ya kupimia upana. Mdomo wa spana ya 17 unatakiwa uzidi 17 kidogo tu, ukifika 17.3 umefika mwisho wa subira, na zaidi ya hapo utazungusha pembe za bolti. Kwenye soketi, chagua ya pembe 6 badala ya 12 kama bolti zako zina kutu, na chungulia ndani uone kama tundu liko katikati: ukuta mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili ndipo itakapopasukia. Soketi za kung'aa usizitie kwenye mashine ya upepo. Za kazi hiyo ni nyeusi, zenye kuta nene, za chuma kinachovumilia kishindo. Ya kung'aa inaweza kurusha kipande kwenye jicho, na waranti nyingi huiita hiyo matumizi yasiyofaa.

Usinunue pia seti ya vipande 200 kwa sababu ya bei ya kipande kimoja. Gari la Kijapani hapa kwetu linafunguliwa kwa 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Bolti ya M8 ambayo Mzungu anaifungua kwa 13, Mjapani anaifungua kwa 12. Ya M10 ni 14 badala ya 16 au 17. Soketi sita nzuri na racheti moja zinamaliza kazi nyingi kuliko sanduku zima lenye biti ambazo hutazitumia. Spana malaya iwe ya mwisho kuchukuliwa, si ya kwanza. Na ukiona bisibisi ya nyota inateleza kwenye skrubu za pikipiki ya Kijapani, si lazima bisibisi ni feki: skrubu zao nyingi, hasa zenye kidoti kichwani, zina umbo lake, na nyota ya kawaida haikai hadi chini.

Racheti ndiyo kifaa kinachodanganya zaidi, kwa hiyo ndicho cha kupima zaidi. Yenye meno 36 hushika kila nyuzi 10, ya 72 kila nyuzi 5, ya 120 kila nyuzi 3. Namba kubwa inasaidia pasipo na nafasi ya kuzungusha, lakini meno yamekuwa madogo, na uchafu kidogo unatosha kuyafanya yaruke. Bana kwenye jiliwa kile kipande cha mraba kinachoingia ndani ya soketi, vuta polepole kwa uzito wa mkono, geuza upande, vuta tena, rudia mahali kama kumi kwenye mzunguko. Kishindo kimoja tu cha kuruka, irudishe kwenye rafu. Angalia pia kichwa chake: chenye skrubu au pete ya kufungulia kinatengenezeka, kilichosiribwa ni cha kutupa siku kikifa.

Racheti inayoruka meno mara nyingi haijavunjika. Ifungulie juu ya kitambaa cheupe au ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kwa sababu springi ni ndogo kama punje ya mchele na gololi ni ndogo zaidi. Piga picha kabla hujatoa chochote. Utakuta gia, kipande chenye meno kinachoikamata, springi na gololi. Osha kwa dizeli, kausha, tazama ncha za meno ya kikamatio: zikiwa kali, rudisha, zikiwa duara, tafuta seti ya vipuri ya namba hiyohiyo. Unaporudisha, paka mafuta mepesi ya mashine, matone mawili. Grisi nzito ya bearingi hukizuia kikamatio kushuka hadi mwisho, na racheti nzima huanza kuruka kama mbovu, hata iwe mpya kutoka kwenye pakiti.